Kazi ya masjala imenikaukia. Nifanyeje niifurahie bila kuihama?

Mtunza_Jalada (Mtumba)

Wakuu salaam.

Niko masjala ya wazi (inayotunza majalada yasiyo ya siri) kwenye wizara moja hapa Mji wa Serikali. Kazi ni kupokea barua, kugonga mhuri, kuandika kwenye rejesta, kutafuta jalada, kuweka folio (namba ya kila karatasi ndani ya jalada), kupeleka kwa afisa mhusika, kusubiri lirudi na kulipanga kwenye rafu. Kesho yake hivyo hivyo. Sina ugomvi na mtu na mshahara unaingia kwa wakati. Kuhama kituo sifikirii, maana familia iko hapa hapa Dodoma.

Ninachokosa ni hamu. Ikifika saa 5 asubuhi nimechoka ingawa sijabeba kitu kizito. Naomba mambo ya kufanya, siyo maneno ya kutiana moyo, hayo semina zimenitosha. Nianzie wapi kujua kama tatizo ni kazi yenyewe au mazingira? Mtu wa cheo cha chini masjala anaweza kubadili nini bila kuvunja utaratibu? Na nitajuaje kama kimesaidia?

---

Bi_Chamwino

Ndugu yangu, kabla hujabadili chochote, pima kwanza. Anayesema "kazi inanichosha" huwa amefunga mambo matatu manne kwenye furushi moja, na kila moja lina dawa yake.

Tafuta daftari dogo la mfukoni. Kwa siku 10 za kazi chora safu nne: saa, kazi uliyokuwa unafanya, hamu kwa alama 0 hadi 5, na neno moja la sababu. Jaza mara nne kwa siku: saa 3, saa 5, saa 7 na saa 9 kabla ya kutoka. Usingoje kujaza usiku nyumbani. Usiku mtu hukumbuka jambo moja lililomuudhi, na siku nzima inaonekana ilikuwa mbaya. Majina ya watu usiyaandike, andika kazi. Daftari likisahaulika mezani lisimletee mtu fitina.

Siku ya 10 ikiisha utakuwa na mistari 40. Chukua ile yenye alama 0, 1 na 2 tu, kisha jiulize: inafuata saa au inafuata kazi?

Ikifuata saa, yaani kila saa 5 alama zinashuka hata ungekuwa unafanya nini, anza na mwili. Mtumba iko kilomita 17 hivi kutoka katikati ya mji. Anayetoka Nkuhungu au Nala hudamka alfajiri, anaondoka bila kula, akifika anakunywa chai ya rangi yenye sukari nyingi na andazi moja. Saa 5 sukari imeisha na maji hajanywa, na hewa ya Dodoma ni kavu, inakausha mwili bila mtu kutoka jasho la kuonekana. Kwa wiki moja jaribu uji wa uwele au ulezi uliochanganywa karanga kabla ya kutoka, au viazi na yai, na chupa ya lita moja ya maji iliyoisha kabla ya saa 7. Wiki hiyo usibadili kingine chochote. Ukibadili mambo manne kwa mkupuo hutajua lipi limefanya kazi, na mwezi ukiisha utayaacha yote.

Ikifuata kazi, hapo ndipo kwenye kiini. Mwaka 1976 Wamarekani wawili, J. Richard Hackman na Greg Oldham, walichapisha utafiti wa mambo yanayoifanya kazi imshike mtu. Walitaja matano: kazi itumie ujuzi wa aina mbalimbali, mtu aone kipande kizima, mwanzo hadi mwisho, iwe na maana kwa watu wengine, awe na uhuru wa kuamua namna ya kuifanya, na apate mrejesho wa matokeo kutoka kwenye kazi yenyewe. Katika hesabu yao, matatu ya kwanza unayatafutia wastani, halafu unazidisha kwa uhuru, kisha unazidisha kwa mrejesho. Tazama hilo neno, kuzidisha. Mrejesho ukiwa sifuri, jumla inakuwa sifuri hata mengine yangekuwa juu kiasi gani.

Sasa soma tena maelezo yako mwenyewe. Jalada linaondoka, linarudi, unalipanga. Barua ya mwananchi ilijibiwa? Mtumishi alithibitishwa? Hujui. Unashika kipande cha katikati cha kila jambo na mwisho wake huoni kamwe. Nguvu zako uziweke hapo. Kubadili meza, kubandika picha ukutani, kusikiliza redio kwa sauti ya chini, hayo ni mazuri lakini hayagusi penye sifuri.

---

Folio_Kwanza

Bi Chamwino amepiga penyewe. Mimi niongeze upande wa masjala, maana hii kazi ina nafasi nyingi ambazo wengi wanazipita.

Anza kwa kuchagua aina moja ya jambo na ulifuate hadi mwisho. Usichague yote. Penye uzito, kwa maoni yangu, ni majalada binafsi ya watumishi wanaokaribia kustaafu, kama majalada hayo ya wazi yanatunzwa kwenu na mkuu wa masjala ameridhia. Kustaafu kwa lazima kwa watumishi wengi wa umma ni miaka 60, kwa hiari ni 55. Mafao yakichelewa, mara nyingi sababu ni karatasi: barua ya ajira ya kwanza haionekani, barua ya kuthibitishwa kazini haipo, tarehe ya kuzaliwa inatofautiana kati ya fomu mbili, au kupandishwa cheo kumeandikwa kwenye dokezo na barua yenyewe haikuwekwa folio. Mtu anafuatilia mafao yake PSSSF (mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma), anarudishwa kwa mwajiri, mwajiri anarudi masjala, masjala inaanza kutafuta siku hiyo hiyo kitu ambacho kingetafutwa mwaka mmoja kabla.

Namna ya kufanya ni hii. Omba kwa afisa utumishi orodha ya wanaostaafu ndani ya miezi 12. Tengeneza karatasi moja kwa kila mtu yenye mistari sita: ajira ya kwanza, kuthibitishwa, vyeo vyote kwa mfuatano wa tarehe, uhamisho, tarehe ya kuzaliwa kama ilivyo kwenye kila fomu, na likizo bila malipo kama ipo. Pitia jalada kuanzia folio ya 1 ya juzuu ya kwanza, siyo ya mwisho kurudi nyuma. Juzuu ya zamani ndiyo yenye barua ya ajira, na ndiyo inayokosekana. Huenda bado iko kwenye boksi tangu ofisi zilipoanza kuhamishwa kutoka Dar es Salaam mwaka 2016 na kuendelea. Weka alama ya vema penye karatasi, andika namba ya folio pembeni, na penye pengo acha wazi. Majalada mawili kwa siku yanatosha, kati ya saa 8 na saa 9 wakati barua zimepungua. Karatasi zenye mapengo zipeleke kwa afisa utumishi kila Ijumaa.

Halafu fanya kile ambacho masjala huwa haifanyi: uliza. Mtu akishalipwa, mwombe afisa utumishi akuambie, nawe uandike tarehe kwenye karatasi yake. Huo ndio mrejesho. Mwaka 2007 Adam Grant na wenzake walichapisha utafiti wa wapiga simu wa chuo kikuu kimoja Marekani waliokuwa wakichangisha fedha. Waliokutanishwa kwa dakika chache tu na mwanafunzi aliyesomeshwa kwa fedha hizo, mwezi mmoja baadaye walikuwa wakikaa kwenye simu zaidi ya mara mbili ya walivyokuwa mwanzo. Kazi yao haikuwa imebadilika. Walichokipata ni kumwona mtu aliye upande wa pili.

La pili ni sensa ya majalada. Kila Ijumaa saa 4 asubuhi, chukua karatasi yenye safu tatu (namba ya jalada, liko meza gani, tangu lini) upite ofisi hadi ofisi. Dakika 40 zinatosha kwa ghorofa moja. Ukirudi linganisha na rejesta ya mwenendo wa majalada. Utakuta tofauti, na karibu kila mara chanzo ni kimoja: afisa amempa mwenzake jalada mkononi bila kupitia masjala. Usiwafokee. Weka ndani ya kila jalada, upande wa mbele, kipande cha karatasi chenye nafasi ya jina na tarehe, ili anayempa mwenzake aandike na kukiacha kwenye trei yake ya kutoka. Mhudumu akipita anakuletea hicho kipande. Wengine watasahau. Wakikumbuka nusu yao, tayari umeokoa muda mwingi.

Na pima. Kabla ya kuanza, andika dakika zilizotumika kupata majalada 20 yaliyoombwa. Zipange kuanzia ndogo hadi kubwa, uchukue ya katikati. Wastani wa kawaida utakudanganya, kwa sababu jalada moja lililopotea siku tatu linavuruga hesabu nzima. Baada ya wiki nne pima mengine 20. Kama ya katikati ilikuwa dakika 25 na sasa ni 8, hiyo namba ni yako, na hakuna wa kukunyang'anya.

Kuhusu uchovu wa saa 5, angalia pia kama unashika barua moja moja kila inapoingia. Unaandika rejesta, mtu anakuja dirishani, unaacha, unarudi, hujui uliishia wapi. Ndivyo namba ya folio inavyorukwa au kurudiwa, na kosa la folio hulioni mpaka siku afisa anapodokeza "rejea folio 14" na folio 14 ziko mbili. Gawa kazi kwa mikupuo mitatu: saa 2:30, saa 5:00 na saa 7:00. Zilizoandikwa HARAKA ndizo pekee zinazovunja utaratibu huo. Kama mko wawili, mmoja akae dirishani mwingine aandike, mkibadilishana kila baada ya saa mbili. Mkifanya kinyume, wote wawili dirishani na wote wawili kwenye rejesta, mnachoka mara mbili kwa kazi ile ile.

Shajara ya kukumbushia nayo wengi wameiacha ife. Afisa akidokeza kwamba jalada lirudishwe kwake tarehe fulani, liandike kwenye ukurasa wa tarehe hiyo, na kila asubuhi kabla ya barua za kwanza toa majalada ya siku hiyo uyapeleke bila kuombwa. Hapa ndipo penye uhuru wako. Masjala inayokumbusha inaheshimiwa tofauti kabisa na inayosubiri kuitwa.

Vumbi lisipuuzwe. Kuanzia Juni hadi Oktoba upepo wa Dodoma unaleta vumbi jembamba linaloingia hata madirisha yakifungwa. Rafu zifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, majalada kwa kitambaa kikavu peke yake. Unyevu ukigusa karatasi za zamani wino unatawanyika. Vaa barakoa. Rafu ya chini iwe juu ya sakafu sentimita 15 hivi, vinginevyo kila anayepiga deki anakulowanishia majalada. Anayeumwa kichwa na kupiga chafya mchana kutwa atasema hana hamu ya kazi, kumbe ni pua.

Ukishatulia na hayo, jifunze upande wa pili wa taaluma. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ni Na. 3 ya mwaka 2002, na Kituo cha Taifa cha Kumbukumbu kiko hapa hapa Dodoma. Majalada yasiyotumika tena kila siku yanatakiwa kuondolewa kwenye rafu zenu kwa utaratibu na kupelekwa huko, na orodha zake lazima mtu aziandae. Jitolee kuwa kwenye hiyo kazi. Utajifunza kuamua lipi linatunzwa, lipi linateketezwa na kwa idhini ya nani, na uamuzi wa aina hiyo hauchoshi kama kugonga mhuri. Chuo cha Utumishi wa Umma kina kampasi Singida na kinafundisha utunzaji wa kumbukumbu, kama utahitaji cheti cha juu zaidi.

Mpaka mmoja: kufuata jambo hadi mwisho siyo ruhusa ya kusoma yaliyomo kwa udadisi, wala kumwambia mhusika "jalada lako liko kwa fulani". Unafuatilia karatasi na tarehe. Habari za ndani zinabaki ndani.

---

Mkazi_Kisasa

Nyote mnazunguka. Kazi ni mshahara. Mshahara ukitosha hamu inakuja yenyewe.

---

Bi_Chamwino

Kaka, mshahara ni hoja, na mtu mwenye madeni hawezi kuonja utamu wa kazi yoyote. Lakini tuligawe. Kuna mshahara mdogo, na kuna mshahara ulioliwa kabla haujafika. Chukua hati ya mshahara ya mwezi uliopita, gawa kiasi kinachobaki kwa mshahara wa msingi. Kwa mtumishi wa umma makato hayatakiwi kumwacha na pungufu ya theluthi moja. Kama umeshagota kwenye theluthi na bado kuna mkopo wa kausha damu mtaani unaolipwa kila wiki, anza na huo wa mtaani, kwa sababu riba yake ndiyo inayokimbia. Usichukue mkopo wa benki kuongezea juu yake. Uchukue tu ikiwa unauzima ule wote kwa siku moja na marejesho mapya ni madogo kuliko ya zamani.

Baada ya hapo bado kuna saa 8 kila siku za kukaa pale masjala, na hizo hazibadilishwi na hati ya mshahara. Mtoa mada amesema mshahara wake unaingia kwa wakati. Alichouliza ni hizo saa 8.

---

Dada_Mapokezi (Area D)

Naomba niingilie. Mimi niko mapokezi hotelini, sekta binafsi. Bunge la bajeti likianza Aprili mpaka mwisho wa Juni vyumba vinajaa, tunafanya saa 12 kwa siku, zamu ya usiku mfululizo. Wageni wanauliza maswali yale yale kutwa. Haya ya kuifurahia kazi yanatuhusu na sisi?

---

Haki_Kazini_Dom

Yanakuhusu dada, ila kwako mpangilio unageuka. Kwanza saa, ndipo furaha. Mtu anayefanya kazi nje ya sheria akiambiwa atafute maana ya kazi yake, anadhulumiwa mara ya pili.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema hivi: saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku, 45 kwa wiki, siku 6 kwa wiki. Saa za ziada lazima mkubaliane, zisizidi 50 katika kila mzunguko wa wiki nne, na zilipwe si chini ya mara moja na nusu. Ukijumlisha na za ziada, siku isizidi saa 12. Ukifanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo una mapumziko ya angalau dakika 60. Kati ya zamu na zamu upate saa 12 za kupumzika, na kila wiki saa 24 kamili. Kazi ya kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi inaongezewa angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Likizo ya mwaka ni siku 28.

Piga hesabu yako. Saa 12 kwa siku 6 ni 72 kwa wiki. Toa 45, zinabaki 27 za ziada. Kwa wiki nne ni 108, wakati sheria inaruhusu 50. Hapo hata ungelipwa zote, ziko juu ya kiwango. Andika kila siku saa ya kuingia na kutoka kwenye daftari lako, kwa wino, na upige picha ukurasa wa karatasi ya mahudhurio. Anza kwa meneja, kwa maandishi mafupi yenye namba bila ukali: "Kuanzia tarehe fulani hadi fulani nimefanya saa za ziada kadhaa, naomba tupange zamu tatu badala ya mbili, au wa tatu aajiriwe kwa muda wa Bunge." Wenye hoteli wengi hapa huongeza wahudumu wa jikoni na vyumbani msimu huo wakasahau mapokezi, kwa sababu meza ya mapokezi huonekana ina mtu muda wote. Isipowezekana, kuna chama cha wafanyakazi, kuna ofisi ya kazi, na kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Angalia muda: mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa ndani ya siku 30, mingineyo ndani ya siku 60. Wengi wanafika wamechelewa kwa sababu walikuwa wanaahidiwa "mwezi ujao".

Saa zikikaa sawa, hiyo kazi ina utamu ambao masjala haina, kwa sababu mtu unamwona uso kwa uso. Kinachoumiza ni marudio. Kwa siku tatu weka alama kila swali linapoulizwa. Utakuta machache yanabeba sehemu kubwa: neno la siri la intaneti, saa ya kutoka chumbani, usafiri wa Mtumba, treni ya SGR ya kwenda Dar, pa kula baada ya saa 4 usiku. Yaandike kwenye ukurasa mmoja, chapa nakala, kila chumba kiwe na moja, na utazame kila Jumatatu kama bei na saa zimebadilika. Karatasi yenye bei ya zamani inaleta ugomvi kuliko kutokuwa na karatasi.

Muda unaookoka usiuache umezwe na simu. Chagua kila zamu mgeni mmoja umfuate tangu kufika hadi kuondoka: jina lake, alichoomba, kama alikipata. Akiondoka muulize swali moja tu, "Nini kilikusumbua hapa?", andika jibu kwa maneno yake. Wageni wa Bunge hurudi. Ukimkumbuka aliyeomba chumba cha mbali na jenereta mwaka jana, umeshafanya kazi ambayo hakuna mtu aliyekuelekeza.

Na makabidhiano ya zamu yawe ya dakika 15, yaandikwe: funguo zilizoko nje, fedha iliyopo, mgeni wa kuamshwa na saa yake, chumba chenye hitilafu, ahadi iliyotolewa na haijatimizwa. Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika. Mwenzako ameahidi, wewe unafokewa, hamu inaisha kabla zamu haijaanza.

---

Mtunza_Jalada (Mtumba)

Nawashukuru sana. Daftari la siku 10 naanza Jumatatu, na la wastaafu limenigusa, nadhani ndilo nitakaloanza nalo. Kuna maswali mawili. Mkuu wetu wa masjala ni mtu mzima, mwema, ila akisikia neno "mabadiliko" anaona anakosolewa. Nimwendee vipi? Na hii kazi ya wastaafu naiingizaje kwenye PEPMIS (mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi), isije ikawa nafanya kazi isiyohesabika?

---

Folio_Kwanza

Kwa mkuu wa masjala, usilete "mabadiliko", leta jaribio lenye mwisho. Wiki nne, jambo moja, na ruhusa ya kulisimamisha iwe mkononi mwake. Mtu mzima hukataa kuambiwa kwamba alichofanya miaka yote ni kibovu. Kumsaidia kumaliza kinachomsumbua hakatai. Kwa hiyo kwanza mwulize kwa heshima, ana kwa ana, siyo mbele ya wenzako: "Mkuu, shikamoo. Ni majalada gani yanayokusumbua zaidi wastaafu wanapokuja?" Sikiliza mpaka amalize. Huenda yeye mwenyewe ana orodha ya mapengo kichwani ambayo hakuwahi kupata wa kumwandikia. Jaribio likianza na orodha yake, litakuwa lake pia.

Usichague wiki ya pili au ya tatu ya Juni, mwaka wa fedha unafungwa na kila idara inasukuma malipo. Julai katikati au Agosti ni nzuri zaidi. Na kabla ya kwenda, amua nini kinapungua. Mwaka 2001 Amy Wrzesniewski na Jane Dutton walieleza jinsi wafanya usafi wa hospitali moja Marekani walivyojitengenezea kazi yenye maana zaidi kwa kujiongezea mambo madogo, kama kumsemesha mgonjwa. Ni kweli inasaidia, ila ofisini kwetu ukiongeza bila kupunguza, baada ya miezi mitatu nyongeza imekuwa wajibu na uchovu umerudi palepale. Ile saa moja ya alasiri itoke mahali. Kwako itatoka kwenye kushika barua kwa mikupuo, kwa hiyo anza mikupuo wiki moja kabla, uone kama saa kweli inapatikana.

Kwenye PEPMIS usiandike "kuboresha utunzaji wa kumbukumbu". Hakuna anayeweza kuthibitisha hilo, na msimamizi atalirudisha au atalipa alama ya katikati ili asikosee. Andika kitu kinachohesabika: "Kukagua majalada binafsi ya watumishi wanaostaafu ndani ya miezi 12 na kuwasilisha orodha ya nyaraka pungufu kwa Afisa Utumishi", na chini yake kazi ndogo zenye idadi na tarehe. Zungumza na msimamizi wako kabla ya kuiingiza, ili akiiona kwenye mfumo asishangae. Ushahidi ni zile karatasi zenye mistari sita. Zitunze kwenye jalada lake.

Dokezo liwe fupi, lisivuke nusu ukurasa. Unaweza kuanzia hapa:

"Mkuu wa Masjala. Kama tulivyozungumza, naomba idhini ya kukagua majalada binafsi ya wazi ya watumishi watakaostaafu ndani ya miezi 12 ijayo, majalada 2 kwa siku, saa 8:00 hadi 9:00 alasiri, kwa wiki 4. Lengo ni kubaini nyaraka zinazokosekana mapema. Orodha itawasilishwa kwako kila Ijumaa kabla ya kwenda kwa Afisa Utumishi. Kazi za kawaida za masjala hazitaathirika; zikiathirika, ukaguzi utasimama. Naomba maelekezo."

Sentensi ya "kila Ijumaa kwako kwanza" usiiondoe, hata ukifupisha mengine. Akikataa, mwombe ujaribu majalada matano tu ya watakaotangulia kustaafu, na daftari la siku 10 uendelee nalo kama kawaida.